Kompyuta ya mezani haiwaki: tujue kama ni kapasita kabla ya kuzika bodi mama

Mama_Sekretaria (Goma, Ndosho)

Salamu kwenu wote. Nina sekretaria ya kuchapa na kuprinti hapa Ndosho. Wateja wangu wengi ni wanafunzi wanaoleta TFC zao (kazi za kumaliza masomo) na watu wa barua za kazi. Kompyuta yangu ya mezani, ile ninayoitegemea, imegoma kuwaka.

Haikugoma ghafla. Ilianza kunisumbua asubuhi: nabonyeza, feni inatikisika kidogo, inazima. Nabonyeza tena na tena, mwisho inashika, na ikishashika inapiga kazi hadi jioni bila neno. Siku zilivyokwenda ikawa inachelewa zaidi kushika, na sasa haishiki kabisa. Kataa kadogo kalicho juu ya bodi mama, lile bamba kuu la ndani linalobeba vipuri, kanawaka kwa unyonge kama kanataka kuzimika.

Fundi mmoja alifungua, akaangalia, akasema bodi mama imekufa, nitafute nyingine au ninunue kompyuta nzima ya okazio (iliyokwisha kutumika). Hakupima kitu, aliangalia kwa macho tu. Kazi za watoto wa watu zimo ndani na wengine wanazitetea mbele ya walimu hivi karibuni. Kabla sijatoa pesa naomba mnishauri.

Kijana_Himbi

Pole Mama. Yangu ilianza hivyohivyo nikaiacha, nikachukua laptopu. Mashine za zamani zikifika hapo hazirudi.

Fundi_Birere

Mama, pole sana. Usinunue kitu bado.

La kwanza, hizo TFC haziko kwenye bodi mama. Ziko kwenye diski, na diski haijalalamika popote katika maelezo yako. Leo hii ichomoe, ipeleke kwa mtu mwenye kompyuta nzima au mwenye kebo ya SATA kwenda USB (ya kuunganisha diski na kompyuta nyingine), nakili kazi za watu kwenye diski nyingine. Hilo likiisha utaweza kulala, na sisi tutatafuta ugonjwa bila haraka.

La pili, umeeleza jambo ambalo aliyeangalia kwa macho hakulisikiliza: inagoma asubuhi, ikishashika inakaa kutwa. Bodi iliyokufa haina asubuhi wala jioni, imekufa tu. Kifaa kinachogoma kikiwa baridi na kukubali kikipata joto ni dalili kubwa ya kapasita zilizokauka, zile wengi wetu hapa tunaita kondensateri.

Niwaeleze wasiozijua. Ni vile vikopo vya alumini vilivyosimama kwenye bodi na ndani ya pawa saplai, kile kisanduku kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani ya kompyuta. Ndani yake kuna karatasi iliyoviringwa pamoja na utepe wa alumini, imeloweshwa kimiminika cha kemikali. Kazi yake ni kama bidoni la maji nyumbani: bomba likija kwa kushtukashtuka, wewe unachota kwenye bidoni na maji yanatoka sawasawa. Kapasita inapokea umeme wenye mawimbi na kutoa umeme uliotulia. Miaka inapopita na joto likiipiga, kimiminika kinapungua kupitia mpira wa chini, na ukinzani wa ndani (kwenye vipimo utaona umeandikwa ESR) unapanda. Baridi inaupandisha zaidi, na asubuhi za Goma, mji ulio mita kama 1,500 juu ya usawa wa bahari, mnazijua. Ukibonyeza mara nyingi, mkondo unaopita ndani yake unaipasha joto, ukinzani unashuka kidogo, mashine inashika. Mpaka siku ambayo hata joto halisaidii, na hapo ndipo ulipofika.

Lakini hiyo ni dhana, lazima tuipime. Mtafute mtu mwenye multimita (kipimo cha umeme) anayejua kuishika. Asifungue pawa saplai. Vipimo vyote vya kwanza vinafanyika kwa nje.

Achomeke kompyuta ukutani, swichi ya nyuma iwe imewashwa, asibonyeze kitufe cha mbele. Multimita iwe kwenye volti za DC (umeme usiogeuka mwelekeo). Kwenye plagi kubwa ya pini 24 inayoingia kwenye bodi, ncha nyeusi aiingize kwa nyuma pembeni ya waya wowote mweusi, ncha nyekundu pembeni ya waya wa zambarau. Huo wa zambarau ndio umeme wa kusubiri: volti 5 zinazokuwepo hata kompyuta ikiwa imezimwa, ili bodi iweze kusikia kitufe kikibonyezwa. Kawaida yake ni kati ya 4.75 na 5.25. Aandike namba, kisha abonyeze kitufe huku akiangalia kama namba inabaki au inaanguka. Mtuletee hizo mbili.

Waya wote wakiwa weusi, kama kwenye pawa saplai za siku hizi, ahesabu pini: ya zambarau ni namba 9.

Kijana_Himbi

Mukubwa, kwa nini asijaribu kwanza RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta)? Mara nyingi ni RAM.

Fundi_Birere

Swali zuri, mdogo wangu, na jibu liko kwenye dalili. RAM ikiwa mbovu au imelegea, feni zinazunguka na kuendelea kuzunguka, ila skrini inabaki nyeusi, na mashine nyingi zinapiga milio. Hapo kweli unachomoa RAM, unasafisha miguu yake, unajaribu kipande kimoja kimoja.

Kama ukibonyeza hakuna kinachotikisika kabisa, unaanza na ule wa zambarau, kisha kitufe chenyewe, maana vitufe vya mbele navyo hufa. Unagusanisha kwa bisibisi zile pini mbili za kitufe juu ya bodi. Hapo ni volti ndogo, hakuna hatari.

Kama feni inatikisika nusu sekunde na kuzima, kama ya Mama, ama kuna mahali pamegusana umeme ukaenda kombo na ulinzi ukakata, ama pawa saplai haina nguvu ya kuanza. Chomoa kila kisicho cha lazima: diski, DVD, kadi ya video kama bodi ina video yake, vya USB vyote. Ikiwaka, mkosaji ni mmojawapo wa uliowachomoa. Isipowaka, unapima.

Mama_Sekretaria

Aksanti sana mukubwa. Diski tumeitoa, kazi zote zimenakiliwa, nimepumua.

Mtoto wa dada yangu anasoma umeme, amekuja na multimita. Zambarau inasoma 4.2. Akibonyeza kitufe inaanguka chini ya 3.9, inarukaruka, halafu inarudi. Ameangalia bodi yote kwa tochi, anasema kapasita zote vichwa vyake viko bapa, hakuna iliyovimba.

Kijana_Himbi

Basi si kapasita. Hakuna iliyovimba.

Fundi_Birere

Hapo ndipo bodi nzuri nyingi zinapotupwa na bodi mbovu zinapouzwa kama nzima, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kapasita ya kimiminika ina mikato juu ya kichwa chake, yenye umbo la msalaba, au K, au mikato mitatu inayokutana katikati. Imewekwa ili gesi ikijaa ndani, kichwa kipasuke taratibu badala ya kikopo kulipuka. Kichwa kikiinuka hata kidogo, au ukiona uchafu wa kahawia umetoka kwenye mikato, hiyo imekufa, huhitaji kipimo. Lakini kuna inayokufa kwa kukauka bila kujaza gesi. Hiyo kichwa chake kinabaki bapa, kinang'aa, plastiki yake ni safi, na ndani hakuna kitu. Kuna pia inayosukuma mpira wa chini: kichwa kiko sawa ila kikopo kimesimama upande. Ukiilinganisha na jirani zake utaiona imeinama.

Kuna na kinyume chake. Viwandani wanamwaga gundi ya rangi ya maziwa au ya kahawia kwenye miguu ya kapasita kubwa ili zisitikisike safarini. Watu wanaiona wanasema imevuja. Iguse kwa kijiti: gundi ni ngumu, inabanduka vipande, na mara nyingi inashika kapasita mbili pamoja. Uvujaji hutoka kwenye kapasita yenyewe, unaacha madoa kwenye bodi na kula rangi ya shaba iliyo karibu.

Na bodi nyingi za miaka ya karibuni zina kapasita za polima: vikopo vifupi visivyo na ngozi ya plastiki, visivyo na mikato, vyenye alama ya rangi upande mmoja juu. Hizo hazina kimiminika cha kukauka, na kuvimba kwake ni nadra.

Tukirudi kwa Mama: 4.2 ni chini ya 4.75, tena inaanguka ikiombwa kazi. Bodi inayopewa umeme wa namna hiyo haiwezi kutoa amri ya kuwasha, hata kama ni mpya kutoka kwenye boksi. Kwa hiyo hatuna ushahidi wowote dhidi ya bodi mama. Azimeni pawa saplai nzima kwa jirani, iwe na plagi zilezile za pini 24 na ile ndogo ya pini 4 au 8 ya prosesa, mjaribu.

Mpwa_wa_Mama

Shikamoo mukubwa. Ni mimi niliyepima. Tumeazima kwenye saiba (duka la intaneti) ya jirani. Imewaka kwa kubonyeza mara moja, Windows imefunguka, kila kitu kipo!

Nilikuwa nimejaribu pia ile yetu mbovu peke yake, nikaunganisha waya wa kijani, ule wa amri ya kuwasha, na mweusi kwa kipande cha waya, feni yake ikazunguka vizuri baada ya kusitasita. Ndiyo maana nilidhani ni nzima.

Fundi_Birere

Marahaba, mdogo wangu, kazi nzuri. Jaribio la kijani na mweusi linasema kitu kimoja tu: pawa saplai inaweza kuanza ikiwa haina mzigo. Halisemi kama inaweza kubeba. Feni inakula mkondo kidogo sana. Ukilifanya, weka angalau diski ya zamani kama mzigo, kisha pima waya wa njano, nyekundu na chungwa. Njano iwe kati ya 11.4 na 12.6, nyekundu 4.75 hadi 5.25, chungwa 3.14 hadi 3.46. Hata hapo multimita inakupa wastani tu, mawimbi yaliyo juu ya huo wastani haiyaoni vizuri. Pawa saplai inaweza kusoma 5.02 huku ina mawimbi ya kuangusha mashine kila baada ya nusu saa.

Sasa mnaweza kununua nyingine au kutengeneza hiyo. Nyingine mkinunua, msidanganywe na wati zilizoandikwa kwenye kibandiko. Ishike mkononi. Iliyo nyepesi mno haina shaba ndani wala mabati ya kupoza. Ya zamani yenu ikiwa nzito, mimi ningeitengeneza.

Mpwa_wa_Mama

Ni nzito. Tunataka kuitengeneza. Naruhusiwa kuifungua?

Yaya_Katindo

Fungua tu, mdogo wangu. Chomoa ukutani, chukua bisibisi, gusanisha miguu ya ile kapasita kubwa, itapiga cheche moja, basi imeisha.

Fundi_Birere

Yaya, kwa heshima zote, hapana. Mtoto asifanye hivyo.

Umeme wetu ni volti 220. Ukishageuzwa kuwa DC ndani ya pawa saplai unapanda hadi kilele chake, 220 mara 1.41, yaani kama volti 311, na zenye saketi ya PFC (inayorekebisha namna umeme unavyovutwa ukutani) zinafika karibu 400. Kapasita kubwa inaweza kubaki na hiyo volti baada ya kuchomoa plagi, hasa ikiwa pawa saplai haikuwahi kuwaka ili kuila. Bisibisi inachimba shaba ya bodi, inarusha chuma kilichoyeyuka machoni, na kapasita yenyewe inaumia. Mkono ukigusa kabla ya bisibisi, hiyo ni hatari ya kifo.

Fanya hivi. Chomoa waya ukutani. Subiri dakika kadhaa. Fungua kifuniko bila kuingiza vidole. Tumia mkono mmoja, mwingine weka nyuma. Chukua rezista ya omu 2,200 ya wati 10, iliyofungwa kwenye nyaya mbili zenye ngozi nzuri, igusishe kwenye miguu miwili ya kapasita kubwa kwa sekunde kumi. Kisha pima kwa multimita iliyo kwenye volti 600 au zaidi za DC. Ikisoma zaidi ya volti 10, rudia. Wakati wote huo uwe umevaa viatu na umekaa mahali pakavu. Kama huna rezista au una wasiwasi, usifungue, ipeleke kwa fundi wa televisheni aliye karibu. Wale wameishi na volti hizo na wanazijua.

Ukishamaliza, usianze na kapasita kubwa, ambayo mara nyingi ni nzima. Fuata waya wa zambarau hadi unapoingia kwenye bodi ya pawa saplai. Karibu hapo utaona kapasita moja au mbili za upande wa kutoka, mara nyingi 1000 maikrofaradi (kipimo cha ujazo wa kapasita) kwa volti 10. Kisha vuka upande wa umeme mkubwa, karibu na transfoma ndogo ya umeme wa kusubiri, utafute kikopo kidogo cha kati ya 10 na 47 maikrofaradi, volti 50. Nyumba ya ugonjwa huu ni hapo.

Na sababu ni hii: umeme wa kusubiri haupumziki. Mama akifunga sekretaria jioni bila kuchomoa plagi, feni inasimama, lakini saketi ile inaendelea usiku kucha, bila upepo. Pawa saplai nzima inafanya kazi saa za ofisi, hiyo sehemu moja inafanya saa 24.

Mpwa_wa_Mama

Nimefanya kama ulivyosema. Rezista, kisha multimita, ikasoma volti 3, ndipo nikaingiza mkono.

Mukubwa, vumbi! Lile vumbi jeusi la mawe ya volkano limefunika kila kitu hadi feni haionekani rangi. Nimelisafisha kwa brashi ya rangi. Karibu na zambarau kuna 1000 ya volti 10, imevimba wazi. Ile ndogo, 22 ya volti 50, iko safi kama mpya. Nimezitoa zote mbili nikaazima kile kipima vipuri kidogo chenye soketi na skrini. Kubwa: 310 maikrofaradi, ESR omu 2.4. Ndogo: 19 maikrofaradi, ESR omu 11. Je, ndogo niirudishe? 19 si karibu na 22?

Fundi_Birere

Usiirudishe. Na wote wanaosoma waziangalie hizo namba za ndogo.

Kapasita hizi huruhusiwa kupungua au kuzidi asilimia 20, kwa hiyo 19 badala ya 22 inapita. Mtu mwenye multimita inayopima maikrofaradi peke yake angeipa cheti cha uzima. Lakini omu 11 si za kapasita nzima ya ukubwa huo. Mpya ya aina nzuri ingekuwa karibu na omu moja, juu kidogo au chini kidogo. Hiyo ndogo ndiyo inayolisha kitu kinachoendesha saketi nzima ya kusubiri. Ikiwa dhaifu, saketi inaanza, inakosa pumzi, inazima, inaanza tena. Ule mruko wa namba uliouona umetoka hapo. Iliyovimba ndiyo iliyoangusha volti hadi 4.2. Ukibadilisha ile yenye sura mbaya tu na kumwacha huyu mwenye sura nzuri, mashine ingewaka wiki chache, kisha mngesema bodi mama imekufa kweli.

Kwenye pawa saplai nyingine za zamani, zile ambazo saketi ya kusubiri imejengwa kwa transista mbili tu, kapasita ndogo ya namna hii ikikauka volti haishuki. Inapanda, na ikipanda sana inaunguza bodi mama. Kwa hiyo kamwe msirudishe pawa saplai kwenye bodi kabla ya kupima zambarau ikiwa peke yake.

Kununua: maikrofaradi zilezile, volti ileile au juu kidogo (1000 ya volti 16 inafaa ikiwa inaingia nafasini), nyuzi joto 105 na si 85, aina ya ESR ndogo. Pima upana wa kikopo na nafasi ya miguu kabla ya kwenda dukani. Zile za redio za nyuzi 85 zitaingia, zitawaka, na zitakufa mapema. Hesabu inayotumika ni kwamba kila nyuzi 10 za joto zikipungua, maisha ya kapasita yanakuwa maradufu. Iliyoandikwa saa 2,000 kwa nyuzi 105, ikiwekwa kwenye nyuzi 65, inakwenda kama saa 32,000. Hiyo ndiyo hasara ya vumbi kwenye feni: likipandisha joto nyuzi 10 tu, umekata maisha nusu.

Birere mtapata mpya na mtapata zilizong'olewa kwenye bodi zilizokufa. Zilizong'olewa si dhambi, mradi zipimwe mbele yako, maikrofaradi na ESR. Na hata mpya ipimwe, maana kuna feki ambazo ngozi inasema 1000 na ndani ni 300.

Wakati wa kuweka, mstari wenye alama ya kutoa kwenye ngozi ni upande hasi. Usitegemee rangi iliyochapwa kwenye bodi, kuna watengenezaji wanaochapa upande chanya. Ulipiga picha kabla ya kung'oa?

Mpwa_wa_Mama

Nilipiga, mukubwa. Nyingi.

Mkaaji_Kadutu (Bukavu)

Jamani na mimi nisaidieni humuhumu. Yangu feni zinazunguka, skrini nyeusi, wakati mwingine inawaka kisha inajizima ukifungua kazi nzito. RAM nimebadilisha. Kuzunguka prosesa kuna kapasita saba, nne zimevimba, moja ina kahawia juu. Ni bodi ya zamani.

Fundi_Birere

Yaya wa Bukavu, yako inaonekana kwa macho, na hiyo nayo hutokea. Hizo ndizo zinazomlisha prosesa. Bodi inachukua volti 12 na kuzishusha hadi kama volti 1.2. Prosesa ya wati 65 kwa volti hiyo inakula zaidi ya ampea 50, na inazitaka kwa kushtukiza. Kapasita zikiwa na ukinzani mkubwa, volti inaanguka papo hapo kazi ikiongezeka, mashine inajizima.

Bodi za kipindi cha kati ya 1999 na 2007 ziliumia sana kwa ugonjwa huu duniani kote, kwa sababu kulikuwa na kapasita zenye kimiminika kibovu kilichotoa gesi ndani. Kampuni kubwa zilikumbwa. Dell, mwaka 2005, ilitenga takriban dola milioni 300 kwa ajili ya kurekebisha mashine za wateja. Nyingi za okazio zilizotufikia huku zilitoka kwenye kizazi hicho.

Badilisha zote saba. Zilipata joto lilelile, na hizo tatu zilizobaki zinafuata. Za kuelekea prosesa nyingi ni volti 6.3, za upande wa volti 12 ni za volti 16. Usizichanganye.

Kulehemu bodi mama kunahitaji uvumilivu kuliko pawa saplai. Bodi ina matabaka mengi ya shaba yanayonyonya moto, hivyo chuma cha kulehemu cha wati 25 kitakutesa. Tumia cha wati 60 chenye ncha pana. Ongeza lehemu mpya ya risasi kwenye kila mguu kwanza, ichanganyike na ya zamani. Pasha mguu mmoja, inamisha kikopo kidogo upande wa pili, pasha mwingine, inamisha, hadi kitoke chenyewe. Usivute kwa nguvu. Ndani ya tundu kuna bomba jembamba la shaba linalounganisha matabaka, likitoka na mguu bodi imekwisha kweli. Kufungua tundu lililoziba, pasha na upitishe sindano ya chuma kisichoshika kutu, lehemu haiishiki.

Mwana_Kenya (Lubumbashi)

Salamu kutoka Lubumbashi, nakaa commune Kenya (sehemu ya mji huu), msinidhani Mkenya. Ndugu yetu alituma kompyuta kutoka Marekani. Tulichomeka, ikapiga baruti na harufu kali. Ni kapasita?

Fundi_Birere

Karibu, ndugu. Geuza mashine, uangalie nyuma ya pawa saplai. Kuna kaswichi kekundu kenye 115 na 230? Naamini kako kwenye 115.

Kakiwa 115, pawa saplai inaunganisha kapasita zake mbili kubwa kwa namna ya kuzidisha volti mara mbili, kwa kuwa inatarajia umeme wa Marekani. Ukiipa 220, kila moja inapata volti kama 311 wakati imeandikwa 200. Hapo zinapasuka, fyuzi inakatika, na mara nyingine transista za kukata umeme zinakwenda nazo. Pawa saplai hiyo ningeiweka pembeni kama chanzo cha vipuri. Jaribu nyingine kwenye bodi, kuna nafasi nzuri kwamba bodi haikuguswa, kwa sababu mlipuko ulibaki upande wa umeme mkubwa. Zenye maandishi 100-240V hazina swichi hiyo, zinajirekebisha zenyewe.

Mpwa_wa_Mama

Mukubwa, nimeweka mbili mpya, nimezipima kabla. Naogopa kuchomeka ukutani moja kwa moja.

Fundi_Birere

Hofu yako ni ya mtu anayejifunza vizuri. Weka balbu ya zamani ya nyuzi, wati 60 hadi 100, katikati ya waya mmoja unaoleta umeme. Si LED, lazima iwe ya nyuzi. Ukichomeka, balbu iwake kidogo na kufifia: maana yake kapasita kubwa imejaa na hakuna kilichogusana. Ikiendelea kuwaka kwa nguvu, chomoa, kuna hitilafu, na balbu imekuokolea fyuzi. Ikipita, toa balbu, pima zambarau ikiwa peke yake, kisha ndipo uiunganishe na bodi.

Mpwa_wa_Mama

Balbu imefifia. Zambarau peke yake: 5.08. Nimeiunganisha na bodi: 5.05. Nabonyeza: haianguki, imewaka. Tumeizima usiku, tukaacha ipoe, leo asubuhi kukiwa na baridi imeshika kwa mara ya kwanza.

Mama_Sekretaria

Mungu awabariki. Wanafunzi wamekuja leo, tunachapa. Mukubwa, nina nyingine ya pili, ya umri huohuo, haijalalamika. Niifanyie nini? Na delestaji (ukatwaji wa umeme kwa zamu) tunayoipata kila mara, haiharibu?

Fundi_Birere

Nimefurahi sana, Mama. Ya pili mwambie kijana apime zambarau asubuhi kabla haijawashwa, na tena akibonyeza. Ikibaki juu ya 4.95 wakati wa kubonyeza, iacheni, ila feni isafishwe kila baada ya miezi michache. Ikishuka kuelekea 4.8, kapasita hizohizo mbili zibadilishwe kabla haijagoma, kazi ambayo sasa anaijua.

Umeme ukikatika, zima ile swichi ya nyuma au chomoa. Unaporudi huja na mruko, na kinachoupokea wa kwanza ni saketi ya kusubiri. Washa baada ya dakika chache, taa za nyumbani zikiwa zimetulia. Jioni ukifunga, chomoa zote mbili. Na ukiwa na onduleri (kifaa cha kushikilia umeme ukikatika), nayo ina kapasita na betri ndani, kijana aipime pia.